Aliyeuvusha Mgomba wa Ta Kyaruzi

Hadithi hii aliisimulia kwanza Ma Adelina Kokusima, mjane wa Ta Kyaruzi, Jumapili ya tarehe 11 Juni 2023, baada ya sala ya jumuiya, nyumbani kwake katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muleba. Waliomsikiliza walikuwa wanawake tisa. Hakuisimulia ili kuwaburudisha. Alikuwa na jambo la kuamua, alikuwa ameshindwa, na alitaka wamsaidie. Tangu siku hiyo wengine wameisimulia, na kila mmoja ameongeza chake. Hapa imewekwa kama alivyoisema yeye, na yaliyotokea baadaye yamewekwa mwishoni, mahali pake.

Basi tegeni sikio, na mwenye jibu asilitoe kabla hatujafika.

Ta Kyaruzi na Ma Adelina walijaliwa watoto watatu, na kila mtoto alikuja na kipawa chake.

Wa kwanza, Kemilembe, alipewa jicho. Alikuwa fundi cherehani, na mwanamke akipita ng'ambo ya barabara na gauni lililoshonwa na mtu mwingine, Kemilembe alijua ni upande gani wa kiuno uzi umelegea. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani akajengewa chumba karibu na jiko la mama yake, na tangu hapo hakuna kilichobadilika pale uani bila yeye kukiona.

Wa pili, Projest, alipewa mkono usiosita. Alikuwa fundi mwashi. Ukuta uliopinda aliubomoa siku hiyohiyo, hata kama ni yeye aliyeujenga, na hata kama mwenye nyumba anamsihi auache kwa kuwa hauonekani sana.

Wa tatu, Anatoli, alipewa subira. Alipokuwa mdogo angeweza kukaa tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana akiangalia kiwavi anavyotoka kwenye gamba. Alikua akawa fundi sanifu wa maabara katika kituo cha utafiti, mahali ambapo migomba inaoteshwa ndani ya chupa, na kazi hiyo ilimfaa kwa sababu mgomba ndani ya chupa hauna haraka.

Kibanja cha baba yao, shamba lililozunguka nyumba, kilikuwa na migomba zaidi ya mia tatu: ya kupika, ya pombe, ya kuchoma. Kumi na mmoja kati ya hiyo ilikuwa ya aina waliyoiita enkundwa. Ndizi yake ni fupi na nene, yenye ganda gumu, na ikipikwa na maharage inageuka rangi ikawa kama samli. Haikuwapo kwingine. Babu yake Ta Kyaruzi aliileta kutoka mahali ambapo hakupataja, hakumpa mtu yeyote chipukizi, na waliomfuata hawakutoa pia. Mtoto wa nyumba hiyo akizaliwa, kondo la nyuma lilifukiwa chini ya enkundwa, kila mtoto na shina lake. Kwa hiyo kulikuwa na shina la Kemilembe, shina la Projest na shina la Anatoli, na yeyote pale kijijini angeweza kukuonyesha lipi ni la nani.

Ta Kyaruzi alikuwa mtu wa redio. Alijua ni chombo gani kimetumwa mwezini na kama kimetua au kimeanguka. Siku moja alisikia kwamba wataalamu sasa wanahesabu miti kwa setilaiti, mmoja mmoja, kutoka angani. Alimwambia mkewe awe anaangalia nguo anazoanika. Siku nyingine akasikia kwamba wanasayansi wamechukua kitu cha ndani kabisa ya pilipili hoho wakakitia kwenye mgomba ili usishikwe na mnyauko. Ma Adelina alitaka kujua kama ndizi hiyo itawasha mdomo. Mume akasema redio haikufika huko.

Mnyauko wenyewe ndio uliomtia hofu. Ulikuwa umeshafika kata za jirani: majani yananing'inia kama yaliyopitiwa na moto, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina linatoka usaha wa njano. Wakati huo Ta Kyaruzi alikuwa kitandani, maji yamejaa miguuni, naye anajua hali yake. Alimwita mdogo wake, Ta Festo, na katibu wa ukoo, akawakalisha chini, akasema maneno ambayo Ma Adelina aliyarudia bila kupunguza neno.

"Huu ugonjwa utafika hapa. Mimi nitakuwa nimekwisha kwenda. Mwanangu atakayeivusha enkundwa, huyo ndiye atakayekaa mahali pangu."

Kukaa mahali pa baba, katika ukoo wao, ni kupewa kibanja, nyumba, na neno la mwisho. Hakugawanywi.

Ta Kyaruzi alifariki Alhamisi ya tarehe 4 Machi 2021. Na hapa inabidi mjue desturi moja ya ukoo huo, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Mwenye kibanja akifa, katika siku zote za matanga hakuna kisu kinachoingia kukata migomba isipokuwa kisu chake mwenyewe, lile panga fupi lenye ncha iliyopinda waliloliita muhoro. Kila mkungu wa kulisha waombolezaji, kila jani la kufunikia chakula, lazima vipitie kwenye makali ya marehemu. Ndivyo anavyowahudumia wageni wake kwa mara ya mwisho.

Ta Festo alitaka kuchangia mikungu kumi kutoka kibanja chake. Akaja kwa Ma Adelina akaomba muhoro wa kaka yake, ili hata mikungu hiyo ikatwe kwa kisu cha marehemu. Ma Adelina aliona ni heshima kubwa. Aliutoa chini ya kitanda, akaufuta kwa upande wa kanga yake, akampa kwa mikono miwili. Ta Festo alikwenda, akakata, akarudisha jioni. Kesho yake vijana wa ukoo waliingia nao kibanjani kwa marehemu, na kwa siku nne waliukata nao mgomba huu, wakahamia ule, safu kwa safu, kwa adabu zote.

Hakuna aliyejua kwamba migomba ya Ta Festo ilikuwa imeshaanza kuugua.

Sasa sikilizeni alichokifanya mwenye jicho.

Wiki ya saba baada ya mazishi, Kemilembe aliona jani moja limelegea. Ni yeye peke yake aliyeliona; wengine waliambiwa, wakaangalia, wakasema ni jua. Kwenye simu yake alikuwa na programu mpya iliyokuwa ikisifiwa redioni, yenye akili mnemba iliyofunzwa kwa maelfu ya picha za migomba: unapiga picha, inakuambia ugonjwa. Alipiga. Simu ikafikiri, ikamjibu kwamba mmea una afya njema kwa asilimia tisini na mbili. Kemilembe alipoiangalia tena ile picha akagundua kwamba simu ilikuwa imezungushia alama koti la kijani la Ta Festo, lililoanikwa nyuma ya mgomba. Kwa muda mrefu watu walimsalimia Ta Festo kwa kumuuliza hali ya afya kwa asilimia, naye akawa anajibu tisini, tisini na moja, kutegemea mgongo wake ulivyoamka.

Kemilembe hakuicheka simu wala hakuitupa. Aliondoa koti, akapiga mgomba mmoja mmoja, kibanja kizima, kila asubuhi, akiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja mgomba upi umebadilika na tarehe gani. Siku ya tano simu nayo ilikubali: mnyauko. Siku ya kumi na mbili daftari lake lilionyesha jambo ambalo simu isingeweza kulionyesha. Kila alikopita mkataji, ugonjwa ulikuwa umepita nyuma yake, safu ileile, kwa mpangilio uleule. Na palikuwapo shina moja tu la enkundwa ambalo mkataji hakulifikia, lile lililokuwa nyuma ya banda la mbuzi, kwa sababu siku za matanga beberu aliyefungwa pale alikuwa akiwapiga watu pembe. Shina hilo lilikuwa safi. Halikuwa la mtoto yeyote. Kemilembe alilifunga utambaa mwekundu, akawaita ndugu zake.

Sasa sikilizeni alichokifanya mwenye mkono.

Anatoli alifika kutoka kituoni akaangalia, akanusa, akakata shina moja akaona usaha. Walikaa kula. Ma Adelina akauliza ugonjwa umeingiaje, maana kibanja chao kilikuwa na uzio.

"Kwa kisu, Mama," Anatoli akasema. "Kikikata mgonjwa kisha kikakata mzima, basi. Kilipaswa kupitishwa kwenye moto kila mara."

Projest akauliza kisu cha nani. Kemilembe, ambaye daftari lake lilikuwa pale mezani, aliinamia sahani.

"Cha baba yenu," Ma Adelina akasema. "Nilikitoa mimi."

Projest alisukuma sahani akatoka nje kunoa jembe.

Kulikuwa na njia moja tu ya kulilinda lile shina la nyuma ya banda: kung'oa yote yaliyolizunguka, yaliyougua na yaliyokuwa bado hayajaonyesha, na kuyazika. Majirani walisema wasubiri, huenda mvua ikasaidia. Ta Festo alisema kibanja cha kaka yake hakifyekwi kama kichaka, na kaka yake amelala mle ndani. Projest hakubishana na mtu. Alianza na shina lake mwenyewe, lile lenye kondo lake. Alilikata, akachimba tunguu lote, akalisukuma shimoni. Likafuata la Anatoli. Alipofikia la Kemilembe, dada yake aligeuka akaenda kukaa chumbani. Kisha akaingia kwenye migomba iliyolizunguka kaburi. Kwa siku kumi na tisa alichimba migomba mia tatu na sita. Vibarua aliowapata siku ya kwanza hawakurudi siku ya pili, kwa kuwa mtu alishaanza kusema kwamba anayefyeka migomba ya baba yake kabla ya mwaka kwisha ana jambo lake. Neno mchawi lilitamkwa dukani na yeye akiwapo, akinunua misumari. Alilipa akatoka.

Alipomaliza, Ma Adelina alisimama mlangoni na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na minne ya ndoa yake akaona barabara kutoka pale alipo. Waliokuwa wakipita nao walimwona. Alirudi ndani akafunga mlango. Jioni hiyo walikula ugali, chakula ambacho Ta Kyaruzi alikuwa akisema ni cha shule ya bweni.

Sasa sikilizeni alichokifanya mwenye subira.

Migomba ilipokwisha kuzikwa, Anatoli alipata nauli akarudi, akachukua chipukizi moja kutoka shina lile lililobaki, akalifunga kwenye gazeti, akaondoka nalo. Huko kituoni alilimenya kama mtu anavyomenya kitunguu, tabaka kwa tabaka, mpaka akabaki na kipande cheupe kisichozidi punje ya harage. Alikigawa mara kumi na mbili akatia kila punje kwenye chupa yake yenye kitu kama jeli. Haikuwa kazi aliyotumwa. Alipewa ruhusa ya rafu moja, nyuma ya mlango, kwa masharti kwamba mwajiri akihitaji nafasi, chupa zitaondolewa.

Mwezi wa tisa shina la nyuma ya banda la mbuzi nalo lilinyauka. Pengine ni nyuki, Anatoli alisema, wanaobeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Kibanja cha Ta Festo kilikuwa hatua mia mbili tu. Projest alilichimba akalizika. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo enkundwa yote iliyokuwapo duniani ilikuwa ndani ya zile chupa kumi na mbili.

Nne ziliingia ukungu. Tatu zilikufa umeme ulipokatika siku mbili mfululizo na chumba kikapata joto. Mbili zilitoa kitu kisicho na umbo, hakina jani wala mzizi. Mbili nyingine zilisimama tu, hazifi na hazikui, mpaka zikageuka kahawia. Kila Jumapili Anatoli alimpigia mama yake simu akamtajia idadi iliyobaki, na Ma Adelina akafika mahali pa kuichukia Jumapili. Ilibaki moja. Aliibadilishia jeli kila baada ya wiki nne kwa mwaka mmoja na miezi minne, na Februari 2023, mkataba wake ulipokwisha, alisafiri nayo kutwa nzima akiwa ameipakata.

Ma Adelina aliishika ile chupa akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema inafanana na mchicha.

"Ndiyo yenyewe, Mama," Anatoli akasema. "Si mtoto wake. Ni yuleyule."

"Na ugonjwa? Huyu atauweza?"

Anatoli alisema hapana. Ukimfika atakufa kama wenzake.

"Na ile ya pilipili hoho?"

"Hiyo bado wanaijaribu, tena kwa ndizi zinazouzwa sokoni. Enkundwa hakuna anayeijua, Mama. Hawawezi kuiponya ndizi wasiyojua kama ipo."

Waliuhamishia mche kwenye mfuko wenye udongo uliochemshwa, wakauweka dirishani jikoni.

Mnaona sasa tulipofika. Katibu wa ukoo aliitisha kikao mwezi wa tano. Akasema maneno ya marehemu anayo kichwani na Ta Festo ni shahidi, enkundwa imevuka, aliyeivusha atajwe ili akae. Asipotajwa mtu hadi mwisho wa mwaka, kibanja kitarudi mikononi mwa ukoo. Kila mtu pale alielewa maana yake. Wana wa Ta Festo walikuwa na miche elfu mbili ya mikaratusi kwenye kitalu, inasubiri ardhi isiyo na kitu.

Ta Festo alitaka jina moja liondolewe kwanza. Alisema kwa upole, bila ubaya, kwamba binti hakai mahali pa baba.

"Shemeji," Ma Adelina akamwambia, "marehemu alisema mwanangu. Na wewe ulikuwepo, hukumuuliza yupi."

Ta Festo akakubali kwamba hakuuliza.

Kemilembe alisema wenzake walikuwa wakipita kando ya lile shina kila siku na hawakuona chochote zaidi ya mbuzi. Kama asingeandika, asingehesabu, asingefunga utambaa, Projest angechimba nini na angeacha nini? Angelichimba na lenyewe.

Projest alisema kuona ni jambo jema, lakini mgonjwa haponi kwa kuonwa. Aliyeitwa mchawi ni yeye. Aliyechimba kaburini kwa baba ni yeye. Bila shimo lake, mgonjwa wa kulia na mgonjwa wa kushoto wangelimaliza lile shina wiki mbili kabla Anatoli hajapata nauli ya kuja kulichukua chipukizi.

Anatoli alisema polepole kwamba shina walilolionyesha na kulilinda lilikufa, wote wanajua, wote walikuwepo. Kilichovuka kimevuka ndani ya chupa yake.

"Chupa ya serikali," Projest akasema.

"Na zile kumi na moja ulizoziua," Kemilembe akaongeza, "mahali pake atakaa nani?"

Anatoli alikunja mikono. Tangu utotoni alikuwa hivyo, na safari hii hakuikunjua tena mpaka kikao kikavunjika. Katibu wa ukoo aliona mambo yanaharibika akasema mjane ndiye atakayetaja, kwa kuwa amewaona wote watatu wakifanya kazi, na neno lake halitapingwa.

Hilo ndilo jambo ambalo Ma Adelina aliwaletea wale wanawake tisa wa jumuiya. Aliwaambia alichowaza. Akimtaja Kemilembe, Projest ataondoka akiwa amebeba jina la mchawi bila kupata chochote kwa ajili yake. Akimtaja Projest, Anatoli ambaye hana kazi tena atakuwa ameulea mche wa wengine kwa mwaka na nusu. Akimtaja Anatoli, Kemilembe hana mahali pengine pa kwenda, na mke wa Anatoli alishasema nyumba mbili uani hazikai. Aliwaambia pia la muhoro. Alisema mtu aliyeutoa ule muhoro kwa mikono miwili sasa anaambiwa ahukumu nani ameokoa, na kila akifungua mdomo anahisi hana haki ya kusema.

Wale wanawake walifanya ambacho nyinyi mnakifanya sasa. Watatu walimtaja Kemilembe. Watatu walimtaja Projest, na mmoja wao alilia. Wawili walimtaja Anatoli. Wa tisa, Ma Eustella, aliuliza kwa nini wasisubiri mche ukue, utoe machipukizi, kila mtoto apewe lake.

Ma Adelina akamjibu kwamba amelifikiria hilo usiku na mchana. "Machipukizi yanataka mwaka mzima na zaidi, Ma Eustella, na huu mwaka umebakiza miezi sita. Tena lazima mche uanze kuingia kwenye ardhi ya mmoja. Akishaupanda, wawili watabaki wanamwomba. Nawajua niliowazaa. Hawataomba."

Waliagana bila jibu. Ma Eustella nusura awe wa tisa kumtaja mtu, maana mlangoni aligeuka akasema basi ni Anatoli, kisha akarudi tena akasema hapana, hajui.

Yaliyotokea baada ya hapo ni machache. Mwezi Agosti Ma Adelina aliwaita wanawe, wakaja, akawauliza kama wamekula. Hakutaja mtu. Jumatatu ya tarehe 2 Oktoba alifariki, ghafla, akichambua maharage. Katika matanga yake walikula wali ulionunuliwa, na hakuna aliyeuliza habari za muhoro.

Mche ulibaki dirishani. Sasa hivi hakuna kati ya wale watatu anayethubutu kuumwagilia, kwa sababu wa kwanza kuushika atakuwa amejitaja. Kemilembe anauona kila siku na hausogelei. Projest alikuja mara moja akasimama mlangoni, mikono nyuma. Anatoli alimwambia mtu kwamba mizizi imeshatokeza chini ya mfuko na kwamba mgomba ukikaa hivyo unadumaa, usipopandwa mapema hauzai kamwe. Hakuuhamisha. Anayeumwagilia ni Ma Eustella, anapokumbuka, kwa kikombe cha chai, na magoti yake siku hizi si mazuri.

Ta Kyaruzi hayupo. Ma Adelina hayupo. Ta Festo yu hai, ingawa kibanja chake kimekwisha na hasalimiwi tena kwa asilimia. Katibu wa ukoo yu hai, na ameshachagua siku ya kikao, Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Kemilembe yu hai, Projest yu hai, Anatoli yu hai, na hakuna anayekula nyumbani kwa mwenzake. Mche, kwa habari za Jumapili iliyopita, una majani matatu, moja limekunjika pembeni, na hakuna aliyepiga picha kuuliza kwa nini.

Hadithi yangu inaishia penye mlango ambao mama yao hakuufungua. Mmoja aliona, mmoja akachimba, mmoja akasubiri. Kiti ni kimoja na siku zimebaki chache. Je, wewe unayesikiliza, ungemtaja nani?